Mnyama wa Maji Katika Mawe Makavu

Maskati, 1970

Mwanangu Thuraya,

Salamu nimekupa kwa mdomo mchana kutwa, kila ulipopita mbele yangu na nguo mkononi, kwa hiyo hapa sitazirudia. Habari ya sabuni, ya viatu, ya kufunga mlango wa chumba melini na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, zote Bibi amekwisha kukwambia, na kabla ya kesho atakwambia tena. Mimi nimekaa juu ya sanduku lako kwa sababu lilikataa kufungika. Sasa limefungika, lakini nimeona niendelee kulikalia. Karatasi ya mwisho nitaiweka chini ya mto wako uisome alfajiri, na hizi nyingine nitazitia katikati ya kanga zako. Utazikuta Kuweti, au utazikuta njiani ukitafuta kitu kingine.

Watu wa huko watakuuliza mimi ni nani kwako. Waambie ni mama yako mdogo, mdogo wake mama yako. Waambie mama yako alifariki Unguja wakati wewe unajifunza kutembea, Bibi, mama yangu mimi ninayemwita Bibi kwa kukufuata wewe, akakulea na mimi nikamsaidia, mpaka siku moja ukaniita mama mbele ya watu, barabarani, nami nimevaa sare ya skuli. Nilikuwa na miaka tisa. Wenzangu walinicheka mwezi mzima. Mimi nilikuokota nikakubeba, na tangu siku ile sijakutua.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya majabali. Wewe ulikuwapo, lakini ulikuwa ukitazama chini ya mawe, na mimi mara nyingi nilikuwa nikikutazama wewe.

Tulipofika hapa mwaka 1964 ulikuwa na miaka sita na mimi kumi na mitatu. Meli ilitia nanga nje, na kutoka pale mji ulionekana mdogo mno, mweupe, umebanwa na mawe kila upande. Mawe yale yalikuwa meusi na ya kahawia, hayana hata jani. Nilimwuliza Bibi, "Miti iko wapi?"

Bibi alikuwa hajalala vizuri tangu tulipopanda meli. Akanijibu, "Imekwenda haji."

Watu waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuhukumu. Nilisema, hapa hakuna kitu. Nikaishi na neno hilo miaka minne.

Nilikuwa nimetoka skuli nzuri. Nilijua kuandika insha yenye mwanzo na mwisho, na mwandiko wangu ulikuwa ukioneshwa darasani. Hapa skuli ya wasichana haikuwapo. Nikakufundisha wewe, kwa mkaa, juu ya ukuta wa darini. Nilikufundisha mnazi, mto, mvua ya masika. Siku moja ukaniuliza, "Mamdogo, mto ni nini?" nikakuchorea mto, na samaki ndani yake, na daraja juu yake. Jabali lililokuwa limesimama nyuma ya kichwa changu sikukuchorea hata siku moja.

Halafu Daktari Marta akaja nyumbani kwa ajili ya goti la Bibi. Alikuwa akitibu wanawake Matrah, na Kiarabu chake alikijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo alijua maneno yote ya maumivu na hakujua hata neno moja la mzaha. Aliuona ukuta ule. Akauliza nani kaandika. Nikasema mimi na mwanangu. Akanitazama, nina miaka kumi na saba, akakutazama wewe na meno yako mapya ya mbele, akahesabu kimya kimya, kisha akaona haya kuuliza.

Tangu hapo, kila alasiri aliyopata nafasi alikuja kutusomesha Kiingereza, hesabu na elimu ya viumbe. Naye alikuwa na ombi lake. Nyumba moja ya makumbusho ya kwao ilimtaka atazame katika vilima hivi kama yuko mnyama wa jamii ya salamanda. Hakupata mwanamke wa kufuatana naye majabalini, wala wa kumsemea kwa watu wa njiani. Alitufungulia picha kitabuni. Wewe ukasema ni mjusi. Akasema siye. Mjusi ana magamba, lakini huyu ngozi yake ni laini na mbichi kama ya chura, huzaliwa majini, akikua hutoka nchi kavu, na jua likimkausha hufa.

Bibi alikivuta kitabu akakisogeza karibu na macho.

"Mjusi kaogeshwa, hakufutwa," akasema. "Na huyo ndiye anayetafutwa hapa? Hapa ambapo hata mie nnakauka?"

Nilimtafsiria Daktari. Alicheka, kisha akasema kwa utaratibu kwamba huenda hayuko. Lakini mtu akitafuta vizuri, hata akija kusema hayuko, neno lake lina uzito.

Nilimwomba Bibi ruhusa. Unalikumbuka jibu lake.

"Wasichana wawili na Mzungu, majabalini, peke yao? Nife kwanza."

"Basi twende na nani, Bibi?"

"Na mie. Kwani kuna nani mwengine?"

Goti lake likapona siku ile ile.

Kwa hiyo siku za mapumziko ya Daktari, lango la mji likifunguliwa alfajiri, Landrova ilikuwa ikitusubiri nje. Tulikwenda hadi mwisho wa njia ya Wadi Kabir, kisha tukapanda kwa miguu vilima vinavyoelekea Bustan. Bibi alikuwa na jamvi lake, jiko dogo la mafuta, dele la kahawa na tende. Alikuwa akikaa chini, kwenye kivuli cha mwamba mmoja mkubwa, akitusimamia kwa macho na kwa mdomo.

Majira hayo hayo ya baridi baba yako alituma habari kutoka Kuweti. Kazi yake imetulia, amepata nyumba, na karibu na nyumba ipo skuli ya wasichana yenye madawati na ramani ukutani. Anamtaka mwanawe aje asome. Nilisoma habari ile kwa sauti, na kabla sijafika mwisho Bibi alikuwa amekwisha kusema hapana. Alisema amezika mtoto, ameacha nyumba yake na makaburi ya watu wake, na huyu aliyebaki hatoki. Nilibishana naye siku nyingi. Wewe hukubishana. Ulikuwa ukiuliza tu, swali moja, kila baada ya muda, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu.

Siku moja uligonga majabalini. Ulikuwa umeshika jiwe, jasho linakutiririka, ukasema, "Bibi, nikienda nitarudi kila skuli ikifungwa."

Bibi aliupiga kofi mwamba uliokuwa nyuma ya mgongo wake.

"Unauona mwamba huu? Siku nitakapomwona mnyama wa maji, mzima, anapumua, katoka ndani ya mawe haya, ndiyo siku utakayokwenda Kuweti. Wallahi. Kabla ya hapo nisilisikie tena jina la nchi hiyo."

Alisema kwa kebehi, ili tunyamaze. Lakini alikuwa ameapa, na mimi na wewe tulitazamana, kwa sababu tunamjua Bibi akiapa. Daktari aliuliza kumesemwa nini. Nikamweleza. Aliichukua tena nondo yake, kile chuma cha kuinulia mawe chenye ncha ya kupinda, na tangu siku ile sikumwona akipita jiwe bila kuliinua.

Nondo ile ndiyo iliyonifundisha subira, maana kwa asili sina. Jiwe huvutwa upande wako, halisukumwi mbele, ili kama chini yake yuko nge au nyoka, jiwe liwe kati yenu na yeye awe na njia ya kukimbilia. Ukishatazama, unalirudisha. Upande uliokuwa chini unarudi chini, katika shimo lile lile, kwa taratibu ile ile. Mwanzoni sikulijali hilo. Niliacha mawe yamepinduka mteremko mzima, nikifurahi kwamba nimewatangulia. Daktari alirudi nyuma peke yake akayapanga yote, moja moja. Aliponifikia alisema kwa Kiarabu chake cha wagonjwa, "Umeacha milango wazi, na ndani wapo wenyewe."

Na kweli walikuwapo. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Chini ya jiwe lililo moto kiasi cha kuchoma kiganja kulikuwa na ardhi baridi, na juu ya ardhi ile wadudu wadogo weupe wakitembea kwa haraka kama watu wenye shughuli zao. Tulimwona mjusi wa mapangoni, yule mwenye vidole kama vipepeo vya kujipepea vilivyokunjuliwa, ambaye hana kope na hujilamba macho kwa ulimi. Ulipiga magoti mbele yake mpaka akachoka yeye. Tuliona chaza na konokono wa baharini ndani ya jiwe lenyewe, wamekuwa mawe pamoja nalo, juu ya kilima ambako bahari huioni. Daktari akasema bahari ilikuwa hapa, zamani ambayo hakuna anayeweza kuifikiria. Ulimpapasa yule chaza kwa kidole, ukaniuliza kama alisikia maji yakiondoka.

"Basi mnyama wenu kaondoka na bahari yake," Bibi alisema kutoka chini, bila kugeuka.

Lakini mnyama wa maji aliye hai hatukumwona, na nnakwambia sababu. Mimi na wewe tulikuwa tukitafuta kwa desturi ya Unguja. Kule chura humtafuti, hukuita mwenyewe. Mvua ikinyesha vyura hupiga kelele katika majani mpaka mwalimu huacha kusema. Kwa hiyo hapa tulikimbilia kila penye jani. Tukiona mkunazi, tunafurahi. Tukiona kijani katika mkondo, tunakwenda mbio, tunainama, tunasikiliza. Na miteremko ya mawe matupu tuliipita upesi upesi, kama mtu anavyopita ua wa jirani. Majira mazima ya baridi yalipotea namna hiyo. Daktari naye, kwa kuwa alituamini, alitufuata.

Majira ya pili alituambia kwamba joto likianza atarudi kwao na hatakuja tena. Hapo nikaanza kuogopa. Nilikuwa nikikutazama unavyoosha vyombo na kufikiria kwamba mwaka ujao utakuwa na miaka kumi na mitatu, na wenye vijana wa kuoa watakuja kumwuliza Bibi habari zako, na Bibi atawapa kahawa.

Ni wewe uliyekiona kile kidimbwi, katika ufa, juu ya njia ya mbuzi, ambako maji yalikuwa yakitona kutoka ndani ya mwamba. Hakikuwa kikubwa kuliko sinia. Daktari alikuwa upande wa pili wa kilima. Niliinama nikaona viluwiluwi vya mbu, wengi, wakinesanesa, na chini, juu ya changarawe, kitu kama nyuzi nyeusi zilizozongana. Wewe ulikuwa umetoka kwenye homa wiki ile ile, na midomo yako bado ilikuwa na malengelenge. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri, Thuraya. Mwalimu wetu wa afya alitusomesha kwamba maji yaliyotuama hutiwa mafuta ya taa ili mbu wafe. Somo lile nililipata vizuri kuliko wote. Nikateremka, nikachukua chupa ya mafuta ya jiko la Bibi, nikapanda, nikatia. Wewe ulinishikia kifuniko. Tuliyatazama mafuta yakitanda, yana rangi nzuri, na nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza katika nchi hii kitu nilichofundishwa kimefanya kazi.

Mama mmoja mchunga mbuzi alifika kabla harufu haijapungua. Mbuzi wake wa kwanza alishusha kichwa, akapiga chafya, akarudi nyuma.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Mimi," nikasema. "Ni kwa ajili ya mbu. Mbu wanaleta homa."

Alinitazama buibui langu safi, akakutazama wewe na kifuniko chako.

"Mbu kaniuma tangu nizaliwe," akasema, "na kunywa nanywa hapa. Sasa nikanywe wapi?"

Daktari alitukuta hivyo, watatu tumesimama na mbuzi. Alipiga magoti, akainua zile nyuzi kwa kidole, akakaa nazo muda. Yalikuwa mayai ya chura. Chura wa huku hutaga hivyo, nyuzi mbili ndefu. Yote yalikuwa yamefunikwa mafuta.

Tuliyakomba yale maji kwa kikombe cha kahawa na kwa pembe ya leso mpaka jua likapungua, na mama wa mbuzi akatusaidia huku akiguna, mpaka mwamba ukaanza kutona maji safi tena. Daktari hakunikaripia. Alisema, "Sasa tunajua mnyama wa maji yuko."

Wewe uliteremka mbio kumwambia Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mayai si mnyama," akasema. "Nlisema mzima, anapumua."

Ulilia ndani ya Landrova, na sikuweza kukufuta machozi kwa sababu mikono yangu ilikuwa inanuka.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi. Niliyosomeshwa yalikuwa kweli, na ni kweli mpaka leo. Ila kidimbwi kile sikukitazama. Nilikuwa na jibu tayari mkononi kabla sijainama, na mtu mwenye jibu mkononi huinama kwa haraka. Huko uendako utapewa majibu mengi mazuri. Yapokee. Lakini ukifika kwenye maji ya watu, ona kwanza nani anakunywa.

Mvua ilikuja baada ya hapo. Ilinyesha siku mbili, na wadi, lile bonde kavu, ikashuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa, ikivuta mawe kwa kishindo tulichokisikia mpaka kitandani. Maji yalipokwisha kupita, Daktari akasema twende, huenda ndiyo safari yake ya mwisho. Mbingu ilikuwa na mawingu. Sijapata kuyaona majabali yale vile. Yalikuwa yameoshwa, meusi, yanang'aa, na katika kila tundu la mwamba kulikuwa na maji na kipande cha mawingu ndani yake. Yalinuka. Mawe, mwanangu, yalinuka kama kitu kilicho hai.

Sisi watatu tulipanda juu kwenye ufa wetu. Hatukukuta kitu. Bibi alibaki kwenye mwamba wake, na ilipokaribia adhuhuri alikwenda kutawadha katika tundu moja lililojaa maji, hatua chache kutoka kwenye jamvi. Nilimwona kutoka juu. Alikunja mikono ya nguo, akainama, akachota maji kwa kiganja, na hapo akasimama, mkono hewani. Nilidhani ni goti. Kisha nikadhani ni nyoka. Lakini hakurudi nyuma. Alikaa vile vile, ameinama, maji yanamtoka vidoleni tone kwa tone, na sikumwita, sijui kwa nini. Ilionekana kama si vizuri kumwita.

Halafu akaita yeye, kwa sauti ndogo, akatwambia tuje.

"Asya. Mlete mtoto. Njooni taratibu, na huyo daktari wenu avue hivyo viatu vyake vya askari."

Tulishuka, Daktari na soksi zake. Bibi hakutuonesha kwa kidole. Alitazama tu, nasi tukafuata macho yake. Kando ya maji palikuwa na mwanya katika mwamba, mwembamba, usingetia vidole viwili. Ndani ya mwanya kulikuwa na uso. Ulikuwa na rangi ya jiwe, na mikunjo ya jiwe, na kama si macho tusingeuona. Macho yalikuwa ya dhahabu. Ukatoka mkono mmoja, ukashika ukingo. Ukatoka wa pili. Alijivuta polepole, akapumzika, akajivuta tena, akatoka mzima, chura mnene kama ngumi ya mtoto, na sikuelewa, na sielewi mpaka sasa, mwili ule ulikaa vipi katika nafasi ile. Akashuka hadi penye maji. Hakufungua kinywa. Alilaza tumbo lake juu ya mwamba uliolowa, akatulia, na koo lake likawa linapanda na kushuka.

Daktari alinong'ona, nami nikatafsiri kwa kunong'ona. "Anakunywa."

"Hajafungua mdomo," Bibi alisema.

"Wanakunywa kwa ngozi, Bibi. Ndivyo walivyoumbwa."

"Subhanallah," akasema Bibi.

Neno hilo Bibi hulisema mara nyingi kwa siku, hata akidondosha kijiko. Siku ile alilisema kama hajapata kulisema kabla.

"Kakaa humo tangu lini?" akauliza.

Daktari akajibu kwamba hajui. Huenda miezi, huenda zaidi. Hakuna aliyewahi kukaa hapa akamhesabia.

"Mie nlikaa," Bibi akasema. "Majira mawili nimeuegemea mwamba huu, nnakula tende, nnasema hapana kitu."

Tulikaa tukimtazama. Sijui muda gani. Alikunjuka kadiri alivyokunywa, ngozi ikapata madoa ya kijani ambayo mwanzo hayakuwapo. Hakututazama hata mara moja. Sisi tulikuwa wageni kando ya maji yake.

Kisha ukasema, kwa ile sauti yako ya kugonga mlango, "Bibi, ungeweza kunyamaza. Sisi tulikuwa juu."

"Ningeweza."

"Mbona hukunyamaza?"

"We mtoto," Bibi akasema. "Mwenyezi Mungu kamtoa mbele ya uso wangu, na maji ya udhu mkononi, halafu mie niseme sikuona?"

Daktari alikuwa na chupa yake ya spiriti mfukoni. Aliitoa, akaishika. Alikuwa ametafuta majira mawili, na wale waliomtuma walitaka mwili, hawakutaka hadithi. Aliniambia hivyo, na nikamweleza Bibi.

Bibi hakuondoa macho kwa chura. "Mwambie mie nnatoa mtoto," akasema. "Na yeye atoe chura."

Nilitafsiri. Daktari Marta akairudisha chupa mfukoni, akatoa penseli, akamchora. Salamanda hatukumpata, na aliwaandikia kwao kwamba hayuko, kwa neno lenye uzito. Chini yake akaandika habari ya huyu, na kama watamsadiki au la, alisema hiyo ni juu yao.

"Haya, inukeni," Bibi akasema mwisho. "Mnitafutie maji mengine ya kutawadhia. Haya yana mwenyewe. Na wewe Asya, tukifika nyumbani mwandikie baba yake."

Ndiyo maana sanduku lako limefungwa.

Kuweti hakuna majabali. Nimeuliza. Wanasema ni mchanga, bapa, mpaka macho yanachoka. Utaiona kutoka melini na utataka kusema lile neno nililolisema mimi. Likikujia, liache lipite. Mimi lilinila miaka minne, na miaka ile ilikuwa ya kwako pia, kwa sababu nilikusomesha nikiwa nimeyapa majabali mgongo. Na watakucheka Kiarabu chako. Watakuweka na watoto wadogo kwanza. Hukai nao siku nyingi, nakujua, lakini zile siku chache zitakuuma, na sitakuwapo. Siwezi kukwambia zisikuume. Nakwambia tu kwamba na mimi zimeniuma, na bado nipo.

Usinihurumie kwa kubaki. Baba yako ni baba yako wewe, mimi sina mtu Kuweti wa kunipokea, na Bibi hawezi kuachwa. Daktari ameniachia vitabu na ile nondo. Mabinti wa jirani wanakuja darini, wamekuwa wengi, na juzi nimefuta minazi ukutani nikachora jabali, na ufa wake. Binti mdogo wa fundi cherehani akaniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia twende tukatazame. Watu wanasema ipo siku itafunguliwa skuli ya wasichana hapa. Anayesema ni nani, sijui. Lakini nimeanza kupanga masomo, na nayapanga kwa wino.

Ukimwandikia Bibi, andika kwa herufi za Kiarabu, asome mwenyewe. Hataki nimsomee. Anasema nnaongeza maneno.

Jana aliniita jikoni. Alikuwa akikukaangia visheti vya njiani. Aliniambia, bila kugeuka, kwamba kesho yeye ndiye atakayekushika mkono kutoka nyumbani mpaka mashuani, na ndiye atakayekukabidhi kwa yule mama mtakayesafiri naye. Nilitaka kukataa. Mwaka mzima nimejiona nikikushika mkono ule. Lakini alisema, "Mie ndiye nliyemzuia mtoto. Usinipokonye kumtoa."

Nikamwachia.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, usinitafute ufukweni. Tembea mwendo wa goti la Bibi, usimvute, na akisimama, simama naye. Mkono wake utakuwa umekushika kwa nguvu, utakuumiza. Usiutoe. Ngoja mpaka auachie mwenyewe.

Mimi mama yako,
Asya